Mkate kwa Mwenye Mkate

Nilikuwa na miaka kumi na mbili. Ilikuwa Ramadhani, imebaki kama robo saa adhana ya Magharibi iadhiniwe, nikakutana na mtoto wa jirani kwenye ngazi za jumba letu la Michenzani, mjini Zanzibar. Mimi nimebeba sahani ya mkate wa kumimina, nimeifunika kawa, naipeleka kwao. Yeye kabeba sahani ya mkate wa kumimina, kaifunika kawa, anaileta kwetu. Tukapishana. Niliporudi nilimuuliza mama kwa nini kila nyumba isile mkate wake, maana mchele ni ule ule, nazi ni ile ile, na mwisho wa safari kila mtu ana vipande vile vile alivyokuwa navyo mwanzo. Mama alikuwa anamimina uji wa pilipili manga kwenye bakuli. Hakugeuka. "Chukua na hii upeleke chini, mwanangu, adhana hiyo inakuja."

Sasa nimekaribia miaka sitini, nimesomesha watoto wa watu, nimestaafu, na swali lile bado ninalo.

Asiyewahi kuupika mkate huu atadhani ni jambo jepesi, kwa sababu vitu vyake vinahesabika kwenye vidole vya mkono mmoja na kidogo zaidi. Mchele unalowekwa usiku kucha. Asubuhi mama alichukua punje moja akaiponda baina ya kidole gumba na cha shahada; ikivunjika bila kubisha, mchele uko tayari. Unasagwa na tui zito la nazi mbili, tui la kwanza lisiloonja maji mengi, pamoja na hamira, sukari na iliki iliyotwangwa papo hapo. Kisha unaachwa uumuke. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Ukiuwahi, mkate unatoka mzito, hauna matundu; ukiuchelewesha, unachacha. Mama hakutumia saa. Aliinamia bakuli akasikiliza, nami nilipoinama pembeni yake nilisikia kweli, mapovu madogo yakipasuka. Ute wa yai unatiwa mwisho. Sufuria inapashwa moto na mafuta kidogo, rojo linamiminwa lote kwa mkupuo, na uso ukishaanza kutoa vitundu unafunikwa na makaa yanapaliwa juu ya mfuniko. Moto wa chini uwe mdogo, wa juu uwe mkali. Nimejaribu oveni ya gesi kwa miaka mingi na mkate unatoka mzuri, lakini ile rangi ya kahawia iliyokolea katikati na kufifia pembeni sijaipata ila kwa makaa.

Napenda pia kwamba mkate huu umeitwa kwa tendo. Tuna mkate wa mayai na mkate wa ufuta, iliyoitwa kwa kinachotiwa. Huu umeitwa kwa lile analofanya mkono.

Jambo jingine: Ramadhani mpishi anaupika akiwa amefunga, bila kuuonja. Kwa miaka tisa ya mwisho ya uhai wake mama hakuweza kuonja hata baada ya futari, kwa sababu aliugua kisukari na daktari alimkataza. Aliishi Ramadhani ya sukari mwaka mzima. Hakuacha kupika. Alipima sukari kwa kikombe chake cha bati, akanusa, akanipa mimi kipande cha kwanza na kunitazama usoni. "Umekolea?" Nikimwambia umekolea, alifurahi furaha niliyoiona machoni, furaha ya mtu aliyeshiba. Sikumwelewa wakati huo. Nilimhurumia, nikadhani anajitesa.

Nilipokuwa chuoni nilikutana na maandishi ya Mfaransa Claude Lévi-Strauss. Katika kitabu chake kikubwa cha 1949 kuhusu udugu na ndoa ameeleza vijihoteli vya bei nafuu vya kusini mwa Ufaransa, ambako bei ya chakula ilijumuisha kichupa kidogo cha mvinyo kwa kila mteja. Watu wawili wasiojuana wakikaa meza moja, kila mmoja alimimina kichupa chake kwenye glasi ya mwenzake. Mvinyo ni ule ule, kiasi ni kile kile, hakuna aliyepata wala aliyepoteza. Mvinyo haunihusu, lakini nilipoisoma sehemu ile nilirudi moja kwa moja kwenye ngazi za Michenzani. Naye aliliona swali langu! Jibu lake ni kwamba watu wawili waliokuwa wageni hawawezi tena kujifanya hawaonani. Kumiminiana kumewafunga.

Ni jibu zuri. Lakini wale ni wageni wawili walio sawa, kila mmoja na kichupa chake. Kwenye jumba letu hatukuwa sawa. Chini yetu aliishi mjane mwenye watoto wanne ambaye siku nyingine, najua sasa, hakuwa na cha kupika. Sahani yake ilitoka jikoni kwetu pamoja na nyingine zote, mkate ule ule, kawa ile ile, mtoto yule yule akiibeba. Anayetutazama tukipita ngazini asingejua ipi inakwenda kwa mwenye nacho na ipi kwa asiyenacho. Kwa kuwa kila mtu alimpelekea kila mtu, mwenye shida alipokea bila kuonekana.

Na sahani haikurudi tupu. Kwetu hairudi tupu. Yule mjane aliirudisha na ndimu tatu, au mbilimbi zilizochumwa kwa nduguye shamba, au kaimati nne siku alizokuwa nazo. Mama alizipokea ndimu zile kwa mikono miwili na kuzikamua kwenye samaki wa siku hiyo, na alihakikisha kwamba nikirudi chini namwambia samaki alikuwa mtamu kwa ndimu zake. Imepokewa kwamba Mtume Muhammad (S.A.W.) aliwaasa wanawake wa Kiislamu wasiidharau zawadi ya jirani hata ikiwa kwato ya kondoo. Hakika aliwaambia wanawake. Alijua mambo haya yanapita mikononi mwa nani.

Katika dini yetu sadaka na hadiya, yaani zawadi, ni vitu viwili. Mtume akiletewa chakula aliuliza kwanza: sadaka au hadiya? Kikiwa sadaka aliwaachia masahaba, yeye hakula. Kikiwa hadiya alinyoosha mkono akala pamoja nao. Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha Barira, mwanamke aliyekuwa mtumwa akaachwa huru. Alipewa nyama ya sadaka, naye akaipeleka nyumbani kwa Bi Aisha, mke wa Mtume. Watu wakasita, kwa kuwa Mtume hali sadaka. Yeye akasema nyama ile kwa Barira ni sadaka, na kwetu sisi ni hadiya. Nyama haikubadilika. Imepita tu katika mkono wa Barira, na mkono huo, uliopokea, sasa unatoa, tena unatoa kwa nyumba ya Mtume. Nikimfikiria Barira akitembea na nyama yake kuelekea kule, namwona mjane wetu anapanda ngazi na ndimu tatu.

Basi nadhani hiki ndicho kilichokuwa kikisafiri ngazini huku mikate ikifanana: heshima ya kuwa mtoaji. Haikai nyumba moja. Inazunguka, na haiwezi kuzunguka kwa kitu ambacho mpokeaji anakihitaji mno, kwa sababu hapo macho yote yanakwenda kwenye shida yake. Inataka kitu kitamu kisicho cha lazima, chenye kazi nyingi na bei ndogo.

Lakini kuna sahani moja iliyonisumbua.

Nilikuwa nimeshaolewa na kurudi kuishi na mama, ndipo akahamia juu yetu mwanamke kutoka Bara, Mkristo, mumewe akifanya kazi bandarini. Ramadhani ya kwanza mama alimpelekea sahani. Kesho yake ilirudi imeoshwa, inang'aa, na tupu. Akapelekewa tena, ikarudi tupu. Mwezi mzima. Niliudhika. Nilisema mbele ya mama kwamba yule anakula vya watu na hana habari. Mama aliigeuza sahani, akaangalia alama yake ya rangi ya kucha nyekundu pale chini, akaiweka kabatini. "Sahani yangu si hii imerudi? Na safi. Wewe ulitaka nini tena?"

Ilinichukua miaka kuona kwamba alinifundisha sheria ambayo nilikuwa nimeisoma nusu tu. Kutorudisha tupu ni wajibu wa anayepokea. Anayetoa hana ruhusa ya kuudai, wala kuukumbuka. Bi Aisha amesimulia kwamba Mtume alikuwa akipokea zawadi na kuilipa kwa nyingine. Na katika Suratul Insan, aya ya 8 na ya 9, wanasifiwa wanaolisha huku wakisema hawataki malipo wala shukrani. Nilizoea kuyaona mafundisho haya mawili kama yanavutana. Hayavutani, kwa sababu hayasemwi na mtu yule yule. La kwanza ni la mlango unaopokea, la pili ni la mlango unaotoa, na balaa linaingia pale mtoaji anaposhika daftari la mpokeaji na kuanza kulisoma. Mimi nilikuwa nalisoma. Mama, aliyepika asichoweza hata kukionja, hakuwa na daftari lolote.

Alifariki mwezi wa Shaaban. Siku ya hitima, watu walipokuwa wakitawanyika, yule mwanamke wa juu aliteremka. Kwa wakati huo tulikuwa tumejuana miaka mingi, lakini jambo la sahani hatukuwahi kulitamka. Alikuwa na sahani ya mama mkononi, ile ya mwisho, ambayo mama aliipeleka mwenyewe wiki chache kabla miguu haijamkataa.

"Dada," akasema, "nilidhani nikitia kitu nitakuwa nimemlipa. Nikaona vibaya kumlipa. Nikawa naiosha tu, vizuri sana. Baadaye nikaona wengine wanavyofanya, nikaona haya kuanza." Akaitazama sahani. "Leo nimesimama jikoni tangu asubuhi. Sijui nitie nini."

Niliipokea kwa mikono miwili, ikiwa bado na unyevunyevu wa maji ya kuoshea, nikamkaribisha ndani.