Panya Aliyebaki Tunduni

Ndugu mmoja wa Amani, Unguja, anauliza: mtu afugaye chatu akimtilia panya hai tunduni, na chatu asimle, je, ana jukumu lolote juu ya panya yule? Wenzake wamemcheka, kwani panya ni miongoni mwa viumbe ambavyo Mtukufu Mtume s.a.w. aliruhusu viuawe hata ndani ya eneo takatifu la Makka.

Swali hili si la kuchekwa. Ruhusa ya kuua si ruhusa ya kutesa. Mtume s.a.w. huyo huyo alieleza habari za mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie vijidudu vya ardhini. Kosa lilikuwa katika kule kufunga mlango. Na hapa aliyefunga mlango ni mfugaji, wala si chatu.

Chatu akikaribia kujivua gamba hukataa chakula, naye aweza kukaa wiki nyingi bila kula. Panya hawezi. Tena njaa ikimzidi humtafuna chatu mwenyewe na kumtia majeraha mabaya; ndiyo maana wafugaji wengi wenye ujuzi hutoa panya aliyekwisha kuuawa.

Basi panya asipoliwa na atolewe upesi, apewe chakula na maji, ama auawe mara moja bila kuteswa. Kumwachilia uani ni kumtwisha jirani mzigo. Na mfugaji aonaye uzito kumwua kwa mkono wake, kwa nini aliona wepesi kumtia tunduni?

Ndugu yetu asema panya wake yumo ndani ya debe tangu juzi. Ampe maji kwanza.