Mtoto wa Siku Mbili Amemkosea Nani?

Siku ya pili baada ya kuzaliwa, nesi anamgeuza mtoto njiti chini ya taa ya wodi na kuona vidoa vyekundu mgongoni, vidogo kama vilivyotobolewa kwa ncha ya sindano. Anavibonyeza kwa kidole, havipotei. Damu inapelekwa maabara na jibu linarudi: chembe sahani, zile zinazoziba jeraha ili damu isivuje, ni 70,000 kwa kila maikrolita. Mtoto mwenye afya huwa nazo 150,000 hadi 450,000. Huyu alizaliwa kabla ya wakati kwa sababu ya presha ya mimba ya mama yake.

Nje ya mlango, ndugu wanauliza jambo jingine kabisa: nani amekosea? Mmoja anataja jini, mwingine husuda, wa tatu anakumbusha mahari ambayo haikumalizwa. Jina lenyewe la ugonjwa linachochea hofu. Presha ikizidi, mama huweza kupata degedege liitwalo kifafa cha mimba, na kifafa kimehusishwa na mashetani tangu zamani.

Swali hilo ni la kale. Katika Injili ya Yohana, sura ya 9, wanafunzi wa Yesu walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu walitaka kujua kama dhambi ilikuwa yake au ya wazazi wake. Yesu alikataa yote mawili. Kurani nayo, katika Surat Maryam, inamweleza mwanamke mteule wa Mungu akishikwa na uchungu peke yake kwenye shina la mtende, hata akatamani angekuwa amekufa kabla ya hapo. Hakuna anayethubutu kusema Maryam aliadhibiwa. Alijibiwa kwa maneno ya faraja, maji ya kunywa na tende mbivu za kula.

Tiba inatoa ushahidi upande huohuo. Chanzo kikubwa cha presha ya mimba kiko kwenye kondo la nyuma. Miezi ya mwanzo, mishipa ya mji wa mimba inapaswa kutanuka ili kondo lipate damu. Kwa baadhi ya wanawake haitanuki vya kutosha. Hayo hutokea kabla tumbo halijaonekana, na hakuna mama anayeyachagua. Baadaye, kwa kawaida baada ya wiki ya 20, presha inafika 140/90 au zaidi, na mara nyingi protini inaonekana kwenye mkojo. Mtoto tumboni huweza kupungukiwa oksijeni, na maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba uhaba huo unaufanya mwili wake utengeneze chembe sahani chache. Kwa wengi upungufu si mkali: chembe hizo hushuka zaidi siku za kwanza, kisha hurudi kawaida ndani ya siku 10 hivi.

Hapo hapana alama ya hukumu. Pana mtoto aliyekuwa akikosa hewa, na sasa anaipata.

Lakini kumvua mama lawama hakutoshi, maana lipo neno jingine linalofunika ukweli kwa upole zaidi: "Kazi ya Mungu haina makosa." Linafariji msibani, na mfiwa asinyang'anywe faraja yake. Tatizo ni pale linaposemwa juu ya mama ambaye kliniki yake haikuwa na kipimo cha presha kinachofanya kazi, au aliyecheleweshwa nyumbani akingoja ruhusa ya mume. Makosa hayo yana wenyewe. Mwaka 2002, utafiti uliohusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33 ulionyesha kwamba magnesiamu salfeti, dawa ya bei nafuu, inapunguza hatari ya kifafa cha mimba kwa zaidi ya nusu. Anayeamini kwamba elimu ni neema hawezi kuiacha dawa hiyo kabatini, halafu amsingizie Mungu kifo.

Masheikh, wachungaji na mapadri wanasikilizwa na watu ambao wizara ya afya haiwafikii. Walitaje jambo hili mimbarini, Ijumaa na Jumapili, kwa maneno ya kawaida: mjamzito anayeumwa kichwa kisichotulia, anayeona ukungu au vimulimuli, anayevimba uso na mikono, au anayeumwa chembe cha moyo, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.