Fueli Isiyosahau

Kila moja ya roketi mbili za pembeni zilizoinyanyua Space Shuttle ya Marekani ilibeba takriban tani 500 za fueli yabisi, na yote iliteketea kwa dakika mbili hivi. Wengi hustaajabia moto ule. Mimi hustaajabia zaidi fueli yenyewe ikiwa bado haijawashwa.

Ukiibonyeza ni kama kifutio cha penseli: chembe za chumvi ya amoniamu perklorati na unga wa alumini, vyote vimeshikanishwa na mpira. Humiminwa ndani ya ganda la roketi ikiwa uji mzito, ikaivishwa kwa joto, kisha ikaachwa ipoe. Hapo ndipo mashaka huanza. Ikipoa hunywea karibu mara 10 zaidi ya chuma, ilhali imegandana na ganda na haina pa kwenda. Basi hukaa imevutika hivyo miaka nenda miaka rudi. Ikitokea ufa, moto hupata mahali papya pa kula, shinikizo hupanda ghafla, na roketi huweza kulipuka. Ufa wa namna hiyo si mgeni: mwaka 1942, huko California, mtengenezaji wa roketi John Parsons alishikanisha fueli yake kwa lami badala ya mpira. Joto liliilainisha, baridi ikaipasua.

Ndiyo maana wataalamu hupachika vihisi vidogo mahali fueli inapokutana na ganda, vipime mkazo wake. Hukata pia kipande chenye kiuno chembamba, wakakivuta kwa mashine. Tazama kinachotokea: mpira hubanduka kwenye chembe za chumvi, vishimo visivyoonekana kwa macho hufunguka, na kipande huongezeka ujazo. Kivute upesi, kitakuwa kigumu. Kivute polepole, kitalegea. Kishikilie pale kilipofika, na nguvu ya kukishikilia itapungua kadiri muda unavyopita. Mkazo wake wa sasa umebeba habari ya kila mvuto uliotangulia.

Subhana Allah! Mola hakuwapa kumbukumbu wenye roho peke yao; hata mpira uliochanganywa na chumvi ameuwekea kanuni ya kutosahau, tena kanuni inayohesabika. Mwanafizikia Ludwig Boltzmann aliiandika hesabu yake mwaka 1874, miongo mingi kabla fueli hii haijamiminwa popote. Kwa kanuni hiyohiyo, Jeshi la Anga la Marekani hupasua baadhi ya mota za makombora ya Minuteman zilizozeeka, likakata vipande na kuvivuta, lipate kujua zilizobaki zitadumu hadi lini.