Ukamilifu Wenye Makovu

Kiswahili hutumia neno kamili kwa kitu kisichopungua: saa tatu kamili, hesabu kamili, mtu mwenye viungo kamili. Maana hiyo, iliyotoka katika Kiarabu, ndiyo inayomjia msomaji wa Biblia anapokutana na agizo la Mathayo 5:48, kwamba wanafunzi wawe wakamilifu kama Baba yao wa mbinguni. Tafsiri haina kosa. Hata hivyo, neno la Kigiriki lililopo hapo, teleios, lina nasaba na telos, yaani kikomo au lengo. Hueleza kilichofikia makusudio yake, kama tunda lililoiva. Na aya zinazolitangulia zinamhusu Mungu anayewaangazia jua wema na waovu. Luka, katika fungu linalolingana na hilo, hataji ukamilifu kabisa, anataja huruma.

Suala hili si la wanaisimu peke yao. Mwenye ulemavu huambiwa kanisani, tena kwa nia njema, kwamba mbinguni atakamilishwa. Anayesikia vizuri ameambiwa kwamba hapa duniani yeye ni nusu mtu. Nancy Eiesland, mwanatheolojia wa Marekani aliyezaliwa na ulemavu, aliikataa faraja hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1994, The Disabled God. Alirejea Luka 24, pale Kristo aliyefufuka anapowaonyesha wanafunzi mikono na miguu yake. Ufufuo haukufuta majeraha. Kwa majeraha hayo alitambulikana.

Augustino alikwisha kuukaribia mlango huo. Katika kitabu cha 22 cha Mji wa Mungu alikisia kwamba makovu ya wafiadini yataonekana mbinguni kama uzuri, si kasoro. Lakini aliishia kizingitini: viungo vilivyokatwa, alisema, vitarudishwa.

Gregori wa Nisa, katika karne ya 4, alikwenda mbali zaidi kwa njia nyingine. Akiandika juu ya maisha ya Musa, alishikilia kwamba ukamilifu wa binadamu ni kuzidi kukua katika wema usio na mpaka. Kwa kipimo hicho, upungufu unaobaki haumwondolei mtu ukamilifu. Paulo mwenyewe, katika Wafilipi 3, anakana kwamba amekwisha kukamilika. Aya tatu baadaye anajihesabu miongoni mwa wakamilifu. Wafasiri wengi hujitahidi kulainisha mgongano huo. Gregori hangekuwa na haja ya kuulainisha.

Yapo bado maumivu, ambayo hoja ya makovu huyapita haraka mno. Anayeumwa usiku kucha ana haki ya kutamani kupona, bila kukiri kwa tamaa hiyo kwamba utu wake umepunguka.