Mtoto Anataka Karo, Dhamiri Inakataa



Karani wa ghala anaambiwa na mkubwa wake atie sahihi kwamba magunia 100 ya mahindi yamefika. Yeye mwenyewe amehesabu 80. Akikataa, kazi imekwisha. Jioni anamweleza mkewe, naye mama anajibu, "Baba Maria, wajibu wako wa kwanza ni sisi." Je, mama huyu amekosea?

Hajakosea katika jambo moja: kulisha jamaa ni wajibu wa kweli mbele ya Mungu. Lakini wajibu si wa aina moja. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake Veritatis Splendor wa mwaka 1993, alikumbusha kwamba amri zinazokataza uovu humfunga kila mtu, siku zote na mahali popote. Amri zinazotuagiza kutenda mema hutufunga pia, ila namna ya kuzitimiza hutegemea hali, na pengine mtu huzuiliwa kabisa. Ndiyo maana mama anayekosa Misa ya Jumapili kwa kumwuguza mtoto hana dhambi. (Baba aliyechoshwa na starehe za Jumamosi usiku asijifiche nyuma ya mtoto huyo.)

Basi kulisha watoto ni agizo, na njia zake ni nyingi: kazi nyingine, shamba, biashara ndogo. Kusaidia wizi kwa sahihi ya uongo kumekatazwa, na hakugeuki kuwa halali kwa sababu karo haijalipwa.

Najua ni rahisi kuandika hivyo. Kwa hiyo tumtazame mume mmoja aliyelipa gharama yote. Franz Jägerstätter alikuwa mkulima wa kijiji cha St. Radegund, Austria. Alimwoa Franziska mwaka 1936, wakajaliwa mabinti watatu. Mwaka 1943 aliitwa kupigana katika jeshi la Hitler, akakataa, kwa kuwa aliamini vita vile ni vya dhuluma. Wengi walimsihi awafikirie mke na watoto. Hata Askofu wa Linz alimshauri hivyo. Akakatwa kichwa tarehe 9 Agosti 1943.

Je, huo haukuwa ukaidi tu? Ni haki kuuliza, maana dhamiri yaweza kukosea, na waume wengine huita "dhamiri" kila jambo wasilotaka kushauriwa. Lakini huyu alisoma, alisali, alitaka ushauri wa mapadre. Tena alikuwa tayari kuwahudumia majeruhi jeshini. Alikataa uovu wenyewe tu, mengine yote akayatoa.

Mimi hunigusa zaidi habari za Franziska. Mwanzoni alitumaini mumewe angebadili nia. Alipoona hawezi bila kuivunja dhamiri yake, alisimama naye, ingawa wengine kijijini walimlaumu yeye kwa msimamo wa mumewe. Akabaki na shamba na watoto wadogo, na malipo ya wajane wa vita akanyimwa hadi mwaka 1950. Kanisa lilimtangaza Franz kuwa Mwenye Heri mwaka 2007 huko Linz, na mjane wake alikuwapo, akiwa na miaka 94. Alifariki mwaka 2013.

Mume wake hakumficha neno. Hapo ndipo waume wengi wetu tunaposhindwa: tunakataa kishujaa ofisini, halafu mke anasikia kwa majirani kwamba hakuna mshahara.

Kwa hiyo, Baba Maria, usiku huu kaa na mwenzako mezani. Andikeni kodi ya nyumba, karo, deni la duka. Hesabuni mwaweza kuishi miezi mingapi. Ni nani katika jamaa au katika jumuiya yenu ndogo ya Kikristo mnayeweza kumweleza? Je, kuna mkubwa wa juu zaidi wa kuandikiwa barua? Pengine unaweza kumwomba mkubwa wako mzigo uhesabiwe tena mbele ya mashahidi, na ujitolee kubaki hadi usiku kuifanya kazi hiyo. Nawe mama, ikiwa una hofu, iseme yote, usimwachie abebe peke yake. Kisha salini pamoja, na asubuhi aende aandike 80.