Mgonjwa Asiyepona Ana Haki Juu Yetu

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Allah (S.W.T.). Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu zangu Waislamu, akina baba na akina mama. Munganga akisema, "Mrudisheni nyumbani, dawa ya kumponya hakuna tena," wengine kati yetu wanauza kiwanja na mbuzi, wanamzungusha mgonjwa huku na huku kwa watu wa majani, mpaka anafia njiani. Wengine wanamlaza chumba cha nyuma na kusema, "Tunangoja amri ya Mungu." Analia usiku, nao wanafunga mlango. Hiyo wanaiita tawakkul. Si tawakkul hata kidogo.

Tazama ugonjwa wa mwisho wa Mtume (S.A.W.), mwaka wa 11 wa Hijra. Aliwaomba wake zake ruhusa auguzwe nyumbani kwa Bi Aisha (R.A.), wakakubali. Homa ilipozidi aliomba amwagiwe maji ya viriba saba, akamwagiwa. Siku moja walimtia dawa pembeni mwa mdomo naye akiwaashiria wasimtie. Walidhani ni kawaida ya mgonjwa kuchukia dawa. Alipopata nafuu, aliwalaumu kwa jambo hilo. Na saa za mwisho alipoutazama mswaki, Bi Aisha alifahamu bila kuambiwa. Aliutafuna ukawa laini, akampa, naye ameegemea kifuani pake. Je, wewe umemuuliza baba yako anataka kulala wapi? Umemuuliza anaumwa wapi?

Wanganga nao wamelichunguza jambo hili. Mwaka 2010, huko Boston, Marekani, walitangaza uchunguzi wa wagonjwa 151 wa kansa ya mapafu iliyokwisha kuenea. Wote walitibiwa kansa, lakini nusu yao waliongezewa, tangu mwanzo, watu wa kutuliza maumivu na kuzungumza nao. Hao walikuwa na huzuni kidogo kuliko wenzao, na kwa kawaida waliishi karibu miezi 12, wenzao karibu 9. Ajali iko mkononi mwa Allah, hilo tunalijua. Lakini asikuambie mtu kwamba kumtunza asiyepona ni kazi bure.

Wala msiseme haya ni ya Wazungu wenye mali. Jirani zetu wa Uganda, tangu 1993, Hospice Africa Uganda inawapa wagonjwa mofini ya maji, ya kunywa nyumbani. Mwaka 2004 serikali yao iliruhusu hata wauguzi waliofunzwa kuiandika. Nasikia watu wakisema mofini ni ulevi. Ulevi ni kwa anayetafuta kulewa! Mwenye kansa aliyepewa na munganga kwa kipimo, ili apate kulala, anakunywa dawa. Kumzidishia kwa nia afe, hiyo ndiyo haramu. Basi muulizeni munganga wazi: maumivu yake tuyatulize kwa nini?

Tena madeni na wasia, usioipita theluthi, viulizwe ulimi ukiwa bado mwepesi, na kwa upole. Msianze kuhesabu mabati ya nyumba mbele yake.

Mwenye mgonjwa wa namna hii amwone katibu wa msikiti leo baada ya swala, amwachie jina la avenyu. Vijana kwa wanaume na akina mama kwa wanawake watapanga zamu za usiku, ili watu wa nyumba walale. Anayekwenda zamu ale kwake kwanza.

Wabillahi tawfiq.