Binti wa Sultani na Shangazi Yangu
Sisi Wameru hatukuwa na mfalme. Mambo yetu yaliamuliwa na wazee wa baraza la Njuri Ncheke. Hata hivyo, kila nikimfikiria Sayyida Salme wa Unguja, binti wa Sultani Said, namwona shangazi yangu hapa Nkubu.

Salme alizaliwa 1844. Alijifunza kuandika kwa siri, na mwaka 1859 akawa mwandishi wa barua za kaka yake Barghash, aliyemwasi ndugu yao Majid, aliyekuwa Sultani baada ya baba yao. Uasi uliposhindwa, akabaki mpweke katika nyumba iliyogawanyika. Alibatizwa Aden 1867, akaolewa na Mjerumani, Heinrich Ruete. Miaka mitatu baadaye akawa mjane ugenini. Aliporudi Unguja 1885, Barghash, sasa Sultani, alikataa kumwona.

Shangazi alipalilia kahawa ya babake hadi viganja vikapasuka. Shamba lilipogawanywa, jina lake halikutajwa.

Undugu hutolewa na nani? Ukitolewa na kiti cha enzi au baraza, basi hao wanaweza kuunyang'anya. Mimi nasadiki hutolewa na Mungu, tangu tumboni. Hata aliyebadili dini hubaki mtoto wa mama yake. Ndugu zangu, mnapoketi kugawa ardhi, mwiteni dada yenu naye aketi.